Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Msajili wa Watu, Mwanasheria Mkuu na Wabunge: tufungulieni njia ya kusahihisha vitambulisho vyetu

Waheshimiwa,

Mwezi Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret iliwapa kazi. Jaji Reuben Nyakundi alikuwa amesikiliza kesi ya mwanamke transjenda (mtu ambaye jinsia anayoijua ndani yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa) aliyekamatwa mjini humo mwaka 2019 kwa madai ya kujifanya mtu mwingine, akavuliwa nguo, akapelekwa hospitali achunguzwe mwili bila hiari yake ili maafisa wajue wamwandike nini. Jaji alisema utu wake ulivunjwa, faragha yake ikavunjwa, akatendewa unyama, na akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja. Hakuishia hapo. Aliielekeza serikali ama itunge sheria ya kulinda haki za watu transjenda, ama iurekebishe Mswada wa Watu wenye Huntha wa 2024, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume, ili uwaguse na watu transjenda. Nawaandikia kuhusu kazi hiyo, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaoisubiri.

Mimi ni fundi wa umeme hapa Nakuru. Nilizaliwa nikaandikishwa msichana, nikalelewa hivyo, na tangu nikiwa mtoto nilijua sivyo nilivyo. Leo nina ndevu na sauti nzito, na wateja wangu wananijua kwa jina moja tu, hili ninalolitumia. Mama yangu, ambaye ilimchukua miaka na machozi mengi, sasa ananiita "baba" kama anavyowaita kaka zangu. Kitambulisho changu ndicho pekee kinachoendelea kubisha.

Niwaonyeshe kinavyobisha. Jioni moja nilipokonywa simu kwenye stendi ya matatu. Ndani ya laini ile mlikuwa na pesa ambazo mteja alikuwa amenitumia ninunue waya, soketi na kisanduku cha fyuzi cha nyumba yake. Kurudisha laini kwa Mkenya wa kawaida ni shughuli ya dakika chache: unatoa kitambulisho, unaulizwa maswali mawili matatu, unapewa kadi mpya. Binti wa kaunta alikipokea kitambulisho changu, akakitazama, akanitazama, akakigeuza nyuma, akakirudia mbele. "Huyu ni nani wako?" Nikamwambia ni mimi. Akamwita meneja. Meneja alikiinua kwenye mwanga wa taa kama noti anayoishuku kuwa bandia, halafu akalisoma jina langu la zamani kwa sauti, mbele ya foleni nzima, akaniambia nijieleze. Kina mama waliokuwa nyuma yangu wakaacha kuzungumza. Askari wa mlangoni alikuwa ameshasogea. Niliondoka bila laini, kwa kuwa nilijua baada ya pale ni kituo cha polisi, na yaliyompata yule dada wa Eldoret yalianzia mikononi mwa polisi. Vifaa vya mteja nilivinunua kwa pesa zangu za kodi ya nyumba.

Simlaumu yule binti. Kazi yake ni kulinganisha picha, jina na jinsia na mtu aliyesimama mbele yake, na siku ile havikulingana. Kosa liko kwenye kadi. Kadi ni mali ya serikali, na hapa nchini mwenye uwezo wa kuirekebisha ni serikali peke yake.

Mnajua vizuri kuliko mimi jinsi kitambulisho kilivyoshika maisha ya Mkenya. Bila hicho hufungui akaunti ya benki, huuzi wala hununui kiwanja, hupigi kura, hujiandikishi kwenye bima ya afya ya SHA, hupati cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho waajiri wanakidai siku hizi hata kwa mlinzi wa usiku. Nairobi huwezi hata kupanda lifti ya jengo la ofisi kabla jina na nambari yako havijaingia kwenye daftari la askari wa mapokezi. Mimi nimewahi kukataa kazi ya kupitisha nyaya orofa nzima, kazi ambayo ingenilipia karo ya mpwa wangu kwa mwaka, kwa sababu kila asubuhi ningelazimika kuliacha jina lile mlangoni. Mtu akiniuliza kwa nini watu transjenda wengi wanafanya vibarua vya kulipwa kwa siku, namwambia aangalie kwanza kazi gani nchini humu hazihitaji kitambulisho.

Na mimi nina nafuu. Mwanamume mwenye ndevu akitembea mjini hasumbuliwi sana mpaka aombwe karatasi. Dada zetu wanasumbuliwa kabla hawajafungua mkoba. Rafiki yangu mmoja ni msusi huko Pwani, mikono yake inajulikana, maharusi humwekea nafasi mapema. Usiku mmoja alikumbwa na msako akitoka kumpamba bibi harusi. Kituoni walitazama kadi, wakaona imeandikwa mwanamume, wakamtia seli ya wanaume akiwa na dera na hina mikononi. Asubuhi aliachiliwa bila shtaka lolote, kwa sababu hakuwa na kosa. Yaliyomkuta humo usiku kucha hajanieleza yote, na sijamwuliza. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo hafanyi tena kazi za usiku, na harusi za Pwani ni za usiku.

Waheshimiwa, hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba kuwa transjenda ni kosa. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inaadhibu mtu anayejifanya mwingine kwa nia ya kulaghai. Msusi yule alimlaghai nani? Dada wa Eldoret alimlaghai nani? Kama kadi zao zingesema ukweli, polisi wasingekuwa hata na kisingizio cha kuanzia.

Vyeti vya shule navyo ni mlango mwingine uliofungwa, lakini huko angalau mtu mmoja aliubisha mpaka ukafunguliwa. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2001 akapata A-. Kwa jina lililokuwa kwenye cheti kile hakuajirika, maana kila aliyekisoma alikuwa akiona mtu mwingine. Aliliomba Baraza la Mitihani la Kitaifa limbadilishie jina na kuondoa alama ya jinsia, likakataa. Akaenda kortini, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaliamuru baraza limtolee cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Msingi wa uamuzi ule ulikuwa utu: kwamba mtu akifedheheshwa na kudunishwa, utu wake umevunjwa, na karatasi ya serikali inaweza kuwa chombo cha kufanya hivyo. Alama alizopata hazikupungua hata moja. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyepoteza chochote. Ilichukua miaka 13 tangu mtihani hadi hukumu, na ilimlazimu mwanamke huyu kuyaanika maisha yake yote mbele ya magazeti ili apate kitu ambacho karani angekimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, ilibidi kesi nyingine iende kortini ndipo shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Audrey ni miongoni mwa waanzilishi wake, liandikishwe kama mashirika mengine; Jaji George Odunga ndiye aliyetoa amri hiyo. Kwa hiyo ndani ya miezi michache ya 2014 mahakama zetu zilishasema kwamba sisi ni Wakenya wenye haki ya kukusanyika na wenye haki ya kuitwa majina yetu. Mwaka 2025 Eldoret ikaongeza. Kila mara ni kesi ya mtu mmoja, wakili mmoja, miaka mingi, na mwishoni anapata nafuu mtu huyohuyo mmoja. Hii si njia ya kuendesha usajili wa raia. Mkulima aliyeandikiwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi hatumwambii aende Mahakama Kuu, tunampa fomu.

Ombi langu lote liko katika sentensi hiyo ya mwisho. Tupeni fomu.

Jina tunaweza kulibadilisha, nashukuru. Unaandika hati ya kiapo ya kubadili jina kwa wakili, unaisajili, inachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nimefanya hivyo. Lakini kwa jinsia hakuna dirisha, hakuna karatasi, hakuna afisa mwenye mamlaka yaliyoandikwa ya kusema ndiyo au hapana. Ukifika ofisi ya usajili unatumwa kwa mkubwa, mkubwa anakutuma makao makuu, makao makuu wanakwambia usubiri sheria. Matokeo yake ni kadi yenye jina la kiume na neno la kike, na hiyo inazua maswali kuliko ile ya mwanzo.

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 haikutuacha mikono mitupu. Kifungu cha 28 kinalinda utu wa kila mtu. Cha 27 kinakataza ubaguzi. Cha 31 kinalinda faragha. Cha 12 kinampa kila raia haki ya stakabadhi za usajili. Lakini ninachowaomba mkisome tena taratibu ni kifungu cha 35, sehemu ya pili, ambacho hakitajwi sana: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imelirudia jambo hilohilo. Habari iliyo kwenye kadi yangu inampotosha polisi, mhudumu wa benki, daktari na karani wa uchaguzi. Haipotoshi mimi peke yangu. Inaipotosha serikali yenyewe kuhusu raia wake. Kuisahihisha ni wajibu uliokwisha kuandikwa.

Wapo watakaosema kitambulisho hakiguswi. Historia yake yasema vingine. Babu zetu walivishwa kipande, hati ya utambulisho ya mkoloni, shingoni kuanzia mwaka 1920, wanaume Waafrika peke yao, ili walowezi wajue nani katoroka shambani. Baada ya uhuru kipande kikawa kitambulisho, na hata hapo mwanamke wa Kenya hakuwa na chake mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu mzima mwenye watoto kabla serikali haijamtambua kwa kadi. Aliporekebishiwa yeye, hakuna mwanamume aliyepokonywa ya kwake. Na sasa mnatuhamishia kwenye Maisha Namba, nambari moja tangu kuzaliwa hadi kufa, iliyounganishwa na shule, kodi, hospitali. Huu ndio wakati wa kuweka njia ya kusahihisha. Tukiingizwa humo na kosa, litatufuata mpaka kwenye cheti cha kifo, na ndugu zangu watanizika kwa jina ambalo mama yangu mwenyewe ameshaliacha.

Hofu ya ulaghai naielewa. Mtasema: mhalifu atabadili jinsia ajifiche. Hawezi. Alama za vidole vyangu mnazo na hazibadiliki. Nambari yangu ibaki ileile. Deni langu la mkopo, rekodi yangu ya kodi na kesi yangu kama ningekuwa nayo vinafuata nambari, havifuati neno moja lililoandikwa kando ya picha. Kwa kweli anayetafutwa na polisi afadhali awe na kadi inayofanana na sura yake.

Hofu ya pili ni ya mimbari na ya kura, na sitaizunguka. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na nimekaa katika makanisa ambamo nilihubiriwa kana kwamba sipo ndani. Siwaombi mumwamuru mchungaji au shehe abadilishe mafundisho yake. Kitambulisho hakitolewi kanisani wala msikitini. Kinatolewa na ofisi yenu kwa jina la Jamhuri, na Jamhuri imeahidi utu kwa kila mtu bila kuchagua.

Na anayesema haya yameletwa na wazungu, namwomba atazame kusini mwa bara letu. Afrika Kusini ilitunga sheria ya kubadilisha maelezo ya jinsia kwenye kumbukumbu za kuzaliwa mwaka 2003. Botswana, nchi ya wafugaji na wacha Mungu kama sisi, Mahakama Kuu yake iliamua Septemba 2017 kwamba serikali ilivunja haki za mwanamume transjenda kwa kukataa kumbadilishia kadi, na Desemba mwaka huohuo mwanamke transjenda Tshepo Ricki Kgositau akapata amri kama hiyo. Usajili wa Botswana haukuporomoka.

Hapa kwetu pia mmeshawahi kufanya jambo gumu na nchi ikawa salama. Mtoto aliyezaliwa akiwa na huntha aliandikiwa alama ya kuuliza pale pa jinsia, kesi yake ikaamuliwa Desemba 2014, na kutoka hapo kukaja kamati, kukaja sheria ya watoto ya 2022 inayowatambua, na katika sensa ya 2019 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu watu wenye huntha: 1,524. Niliposoma idadi ile nilifurahi kwa ajili yao. Ni watu ambao vijijini mwetu walikuwa wakifichwa nyuma ya nyumba.

Lakini wao na sisi hatufanani, na nawaomba msituchanganye kwa urahisi wa kuandika mswada mmoja. Wao wamezaliwa na maumbile ambayo mkunga hakuweza kuyaweka upande mmoja. Sisi mkunga hakusita. Alichoandika hakikuwa sisi. Mahitaji yao ya kwanza ni kuwalinda watoto wachanga na upasuaji wa haraka. Yetu ya kwanza ni kadi na usalama kwa polisi. Jaji aliwapa njia mbili, na ningependa mchague ya kwanza, sheria yetu wenyewe. Wenye huntha wameungojea mswada wao muda mrefu. Sitaki uje ukwame Bungeni kwa sababu jina letu limebandikwa juu yake dakika ya mwisho.

Sheria hiyo isiwe ndefu. Mtu mzima aape mbele ya hakimu au wakili kwamba hivi ndivyo alivyo na ndivyo anavyoishi, ajaze fomu, alipe ada ileile ya kubadilisha kitambulisho, apate jibu la maandishi katika muda uliowekwa, na akikataliwa aambiwe sababu na pa kukata rufaa. Kadi ikishabadilika, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani vifuate bila kuanza safari upya kila ofisi. Msiweke sharti la upasuaji. Wengi hawaumudu, wengine afya hairuhusu, wengine hawauhitaji, na serikali haina sababu ya kufunua mwili wa mtu ndipo imwandikie kadi. Msiweke jopo la madaktari wa kutukagua. Hicho ndicho kilichofanyika Eldoret, na mahakama imeshakiita kwa jina lake.

Jambo moja halihitaji kungoja Bunge hata kidogo. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu watu walio kizuizini ilimpa mtu mwenye huntha haki ya kuchagua jinsia ya afisa atakayempekua. Mheshimiwa Waziri, zungumza na Inspekta Jenerali wa Polisi atoe maagizo kwa kila kituo kwamba mtu transjenda naye atendewe vivyo hivyo, asichanganywe na watu watakaomdhuru seli moja, na asivuliwe nguo kwa udadisi wa zamu ya usiku. Agizo hilo ni ukurasa mmoja. Lingekuwapo, msusi yule wa Pwani angerudi nyumbani na mkoba wake na malipo ya harusi.

Nimeandika bila kutaja majina ya wenzangu kwa sababu wengi hawawezi kutajwa na kesho wakaamkia kazini. Wapo Kisumu, wapo Garissa, wapo Machakos. Yuko mwalimu anayesahihisha vitabu vya darasa la nne sasa hivi. Yuko mama wa mtoto wa miaka 16 aliyenipigia wiki hii kuniuliza kama mwanawe akifika 18 aende achukue kitambulisho au angoje. Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu mnalo ninyi.

Hati yangu ya jina iko tayari. Kiapo changu nimeshakiandika, wakili amekipiga muhuri. Picha nimepiga. Naomba mnijibu hadharani kama nilivyowaandikia hadharani: nizipeleke dirisha gani, na kuanzia tarehe gani?

Wenu mwananchi,

Fundi wa umeme, Nakuru